Mbung'o wa Beho Beho

Ukiingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa upande wa Kisaki, mwenyeji wa kwanza kukupokea ni mbung'o. Anapita dirishani bila hodi, anapenda nguo nyeusi na za buluu, na akishatua shingoni hata kofi halimtoi kirahisi. Wageni humlaani. Mimi naona bila yeye hifadhi ile isingekuwepo, na vita vilivyopiganwa humo visingeua watu wengi kiasi kile.

Kwa sisi wa Mzumbe, Morogoro, kwenda kutazama wanyama maana yake ni Mikumi. Barabara ya Iringa inaikata hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50, na mwanafunzi anayerudi kwao Mbeya humwona twiga kutoka kwenye kiti chake cha basi. Ni bahati kubwa, na sitaki kuishusha. Lakini kuna watu wanaotaka wanyama na historia kwa pamoja, kama huko Ranthambore, India, ambako chui milia hutembea chini ya kuta za ngome ya kale. Hao nawashauri wauzunguke mlima wa Uluguru. Toka Morogoro mjini, pita Mkuyuni penye ndizi na mananasi, kisha Matombo, Mvuha, mpaka Kisaki. Masika yakikolea, barabara hiyo humezwa na tope, kwa hiyo nenda kati ya Juni na Oktoba. Ipo pia treni ya TAZARA, ambayo husimama Kisaki na reli yake hupita ndani ya hifadhi.

Milima hii ya Uluguru tunayoamka nayo kila siku iliwahi kuzungukwa na majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Jenerali Jan Smuts wa jeshi la Waingereza aliuteka mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na siku hizohizo risasi zilikuwa zikilia Mlali, jirani zetu kabisa. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma kwa pande zote mbili za mlima, wakajikusanya Kisaki, na Septemba wakapambana hapo na waliokuwa wakiwafukuza.

Hapo ndipo mbung'o alipoamua mambo. Farasi, punda na maksai wa jeshi la Waingereza walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana anaoueneza. Kikabaki kichwa cha binadamu. Unga, risasi, vipande vya mizinga, hata majeruhi kwenye machela, vyote vikawa mzigo wa wapagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulifika kilo 25 hivi. Wengi walikamatwa vijijini kwa nguvu, na pande zote mbili zilifanya hivyo. Waliokufa wakiwatumikia Waingereza peke yao wanakadiriwa kuzidi 90,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa, hasa mvua kubwa za 1917 zilipoufurisha Rufiji na chakula kikashindwa kufika.

Ndani ya hifadhi, mwongozaji atakupeleka Beho Beho kwenye kaburi la Kapteni Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyepigwa risasi hapo tarehe 4 Januari 1917 akiwa na miaka 65. Ni kaburi la kawaida kabisa: bamba limelala chini ya miti, na juu yake kipande cha shaba chenye jina lake. Mwaka 1922 pori zima likapewa jina hilo, na likaitwa hivyo hadi mwaka 2019, sehemu yake kubwa, kilomita za mraba 30,893, ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Simchukii Selous, aliuawa vitani kama wengine. Kinachoniuma ni pori kuhesabiwa kwa mtu mmoja. Sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa na wenyewe. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, viliwapunguza mno. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikahamisha vijiji kwa sababu ya malale, na hapo tena mbung'o akawa ndiye sababu iliyotajwa. Nyumba zile za miti na udongo hazikuacha magofu ya kupiga picha. Zilirudi ardhini, tembo wakapita juu yake.

Na wanyama wapo, tena wa kushibisha macho. Kwenye ziwa Tagalala miti mikavu ya mikumi imesimama majini kama nguzo, viboko wamejibana chini yake, na mamba wamejianika ukingoni. Mbwa mwitu, ambao kwingineko Afrika wamekaribia kutoweka, bado huonekana kwa makundi.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini Dar si mahali walipodondokea na mizigo. Jiwe lao lisimame Kisaki, karibu na stesheni, liandikwe kwa Kiswahili, na wazee wa Kisaki, Matombo na Mlali waulizwe kwanza majina ya babu zao waliochukuliwa wasirudi.