Chakula kwa Wanaolala Barazani: Kazi ya Kujitolea na Taratibu Zake

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Sensa ya Watu na Makazi ilipoanza nchini, hesabu haikuanzia kwenye nyumba. Ilianzia kwa wasafiri, kwa waliolala hotelini na hospitalini, na kwa wale waliolala mitaani, kwa kuwa karani angengoja kukuche asingewakuta tena. Sensa hiyo ilipata wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miongoni mwao wamo watu ambao anwani yao ni baraza la duka, na ambao kulipopambazuka walikunja maboksi yao kabla mwenye duka hajafika na funguo.

Watu hao si wa aina moja, na anayetaka kuwasaidia hana budi kulifahamu hilo mapema. Yumo kijana anayebeba mizigo Kariakoo mchana kutwa, akapata fedha ya kula lakini asiweze kupata kodi ya chumba, kwa sababu mwenye nyumba hudai miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Yumo mama aliyekuja mjini kumuuguza ndugu yake, nauli na akiba zikamwishia njiani. Wamo wazee waliofiwa na waliokuwa wakiwatunza, watu wenye ulemavu, wagonjwa wa akili ambao jamaa zao wamechoka au hawajui waliko, vijana waliozama katika dawa za kulevya, na watoto waliokimbia kipigo au njaa ya nyumbani. Wengi wao hufanya kazi. Neno «ombaomba», ambalo hutumiwa kuwakusanya wote katika kapu moja, huwaeleza wachache tu.

Wakazi wa jiji hawakosi moyo wa kutoa. Ijumaa, nje ya misikiti, sahani huwa nyingi kuliko mikono ya kuzipokea. Katika mwezi wa Ramadhani futari humfikia hata asiyeitafuta. Na wakati wa Krismasi na Pasaka makundi ya vijana huzunguka na magari yaliyojaa vyakula. Kisha huja Jumanne ya kawaida mwezi wa Mei, mvua ya masika inanyesha, na hakuna anayepita. Kasoro kubwa ya ugawaji wa chakula mjini ni mpangilio kuliko uchache: makundi matatu hufika mtaa uleule jioni moja bila kujuana, chakula kingine kikamwagwa, na siku nne zinazofuata hakiji chochote. Kundi dogo la watu watano linaloahidi jioni moja tu kwa wiki, na likaitimiza mwaka mzima, lina manufaa kuliko msafara mkubwa wa siku moja. Anayelala nje akijua kwamba Jumanne saa mbili usiku kuna chakula, siku hiyo fedha yake ndogo ataitumia kwa dawa, sabuni au nauli.

Jambo la pili ambalo wengi hulipuuza ni mahali. Baraza analolala mtu lina mwenyewe, na mara nyingi mtu huyo amelala hapo kwa makubaliano yasiyoandikwa: mlinzi wa usiku anamfahamu, mwenye duka amenyamaza, na masharti ni kwamba asubuhi pawe safi. Wagawaji wa chakula huja, hugawa, hufurahi na kuondoka. Asubuhi mwenye duka hukuta makasha ya chakula yametapakaa, mifupa, mchuzi uliomwagika sakafuni na nzi. Hatawatafuta wagawaji, maana hawajui. Atamfukuza yule aliyelala pale. Kwa njia hiyo sahani moja ya wali imewahi kumgharimu mtu mahali pake pa kulala, na aliyeitoa hakupata kujua. Kwa hiyo kundi lolote linalofanya kazi hii linapaswa kuzungumza kwanza na mlinzi na mwenye eneo, kugawa chakula hatua kadhaa kutoka mahali pa kulala, na kungoja hadi watu wamalize kula ili takataka zote zikusanywe na kuondolewa. Sahani na vikombe vinavyooshwa na kurudishwa ni bora kuliko makasha ya kutupwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea haifai kabisa, kwani imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Sasa chakula chenyewe. Hapa ndipo penye hatari, na hatari hiyo humwangukia mtu asiye na choo, asiye na maji, na asiye na wa kumpeleka hospitali usiku wa manane. Kuhara kunakomlaza mtu mwenye nyumba siku moja kunaweza kumuua mzee anayelala nje, kwa upungufu wa maji mwilini tu. Jiji la Dar es Salaam halihitaji kukumbushwa mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, ambao ulienea hadi mikoa mingine.

Pilau ndiyo inayopendwa na wachangiaji wengi, nayo ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Mchele hubeba vimelea ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiwa wa moto sana, mbegu hizo hulala. Ukipoa taratibu ndani ya sufuria kubwa, huamka, huongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Chakula kilichopikwa saa sita mchana nyumbani kwa mchangiaji, kikakaa ndani ya gari hadi saa mbili usiku kwa joto la Dar es Salaam, huenda kikanukia vizuri na bado kikadhuru. Kanuni inayokubalika duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kikitakiwa kukaa zaidi ya hapo, kibaki cha moto kwa nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, yaani kiwe kinatoa mvuke kinapopakuliwa. Njia rahisi ni kupika karibu na muda wa kugawa na kukitia moja kwa moja kutoka jikoni katika vyombo vinavyotunza joto. Nyama iliyokatwa vipande vikubwa, samaki, na saladi ya kachumbari iliyokatwa mchana ni heri viachwe.

Makande, wali kwa maharage, ugali kwa mboga, uji mzito, mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu hutosha, na gharama yake hubebeka. Mpishi mzoefu hukadiria kwamba kilo moja ya mchele hulisha watu sita hadi wanane walioshinda na njaa, na kilo moja ya maharage makavu hulisha watu kumi. Kwa watu arobaini, basi, kilo sita za mchele na kilo nne za maharage hazitaaibisha. Wasio na meno wakumbukwe, nao ni wengi miongoni mwa wazee. Kwao uji au maharage yaliyoiva hadi kulainika ni chakula, mahindi ya makande ni adhabu. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula asishindiliwe sahani kubwa kwa mara moja. Apewe kidogo kidogo, na mtoto aliyekonda kupindukia au aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa tatizo lake limeshavuka uwezo wa sufuria.

Maji ya kunawa yatangulie chakula: ndoo yenye koki, sabuni, na mtu mmoja wa kuisimamia. Anayepakua asipokee fedha wala kushika simu. Mwenye kuhara, homa au kidonda mkononi abaki nyumbani jioni hiyo, au afanye kazi ya kuandikisha. Ofisi ya Afya ya Kata inaweza kumwelekeza mwenye nia mahali pa kupima afya, kama wanavyofanya mama lishe na baba lishe, na bwana afya akialikwa kuliona jiko kabla kazi haijaanza atasaidia zaidi kuliko akiitwa baada ya madhara.

Katika kugawa, utaratibu ulio mzuri ni ule usiomlazimisha mtu kugombea. Msafara wa magari ukisimama ghafla na watu wakaanza kurusha makasha kutoka dirishani, wenye nguvu hupata mawili na kiziwi, mlemavu na mama mwenye mtoto mgongoni hawapati. Mistari miwili husaidia, mmoja wa wazee, wenye ulemavu na wenye watoto, na mwingine wa wote. Aliyelala asiamshwe kwa tochi usoni. Chakula chake kiachwe kwa mwenzake au kwa mlinzi. Salamu hazigharimu kitu. Mzee aamkiwe shikamoo kama anavyoamkiwa mzee yeyote mtaani, na mtu aulizwe kama anahitaji chakula badala ya kusukumiwa.

Picha ni suala linalozua ubishi katika makundi mengi, hasa yanapotaka kuwaonyesha wachangiaji kwamba michango imefika. Picha ya sufuria, ya magunia na ya wapishi inatosha kwa kazi hiyo. Uso wa mtu anayepokea chakula ni taarifa yake binafsi, na nchi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zaidi ya sheria kuna maisha ya mtu: kijana ambaye kwao wanaamini anafanya kazi mjini hapendi ndugu zake wamwone katika simu ya jirani akiwa ameshika sahani barabarani. Baadhi ya watu huacha kuja kula kwa sababu ya kamera tu.

Wapo wakazi wanaopinga kazi hii kwa hoja kwamba chakula cha bure huwafanya watu wabaki mitaani. Hoja hiyo haistahili kubezwa, lakini haikubaliani sana na yanayoonekana. Kijana wa kubeba mizigo amekwamishwa na kodi, na mtoto aliyekimbia kipigo hatarudi kwa kunyimwa uji. Operesheni za kuwaondoa watu mitaani zimefanyika zaidi ya mara moja, na wengi walirejea. Penye ukweli ni hapa: chakula peke yake hakimwondoi mtu barazani. Kinachoweza kumwondoa ni kufahamika, na chakula cha kila wiki mahali palepale ndiyo njia ya kufahamika.

Mtu anayekuja kila Jumanne huweza kuulizwa, baada ya mwezi, kikohozi hicho kimemwanza lini. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa hutolewa bila malipo, lakini matibabu huchukua miezi sita na wengi huyakatisha kwa kukosa chakula cha kumezea dawa. Kijana anayetaka kuacha heroini anaweza kuelekezwa kliniki ya methadoni, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye kufikishwa katika hospitali nyingine. Mzee asiye na ndugu anaweza kufikiriwa kupelekwa katika makao ya wazee kama yale ya Nunge, Kigamboni. Hayo yote hupitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Kata isiyo na afisa wake huhudumiwa na yule wa Halmashauri. Mgawaji wa chakula asijifanye afisa, wala asitoe ahadi ya kazi au chumba. Kazi yake ni kupeleka habari, kwa ridhaa ya mwenye habari.

Kwa watoto, ridhaa hiyo haitoshi kumfanya mtu anyamaze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bure. Mgawaji asimchukue mtoto na kumpeleka kwake, hata kwa nia njema na hata mvua ikiwa inanyesha. Apige simu, akae naye mpaka msaada ufike.

Mkazi aliye tayari kuanza aende kwanza katika ofisi ya Serikali ya Mtaa anaokusudia kuuhudumia, akiwa na majina ya wenzake, siku na saa wanayoitaka, na mahali chakula kitakapopikwa. Mtendaji wa Kata atamwambia ni makundi gani mengine yanafika hapo na siku zipi, kisha wakae pamoja kuzigawana siku. Ijumaa na Jumapili kwa kawaida zimekwisha kujaa. Jumatatu hadi Alhamisi ndizo zenye nafasi, na miezi ya masika, Machi hadi Mei, ndiyo yenye nafasi zaidi, kwa kuwa mvua huwapunguza wagawaji na kuwasogeza wanaolala nje kutoka baraza moja hadi jingine. Katika miezi hiyo mwenye kujua wamehamia wapi ni mlinzi wa usiku.