Jasho Moja, Mabwana Wawili

Zamani, mtu aliyetaka gari usiku wa manane katika mji wa Dar es Salaam alikuwa na njia moja tu: kwenda kijiweni na kumwamsha dereva aliyesinzia nyuma ya usukani. Bei haikuandikwa popote. Aliyeujua mji alipatana. Mgeni, au mama aliyebeba mtoto mwenye homa, alilipa alichotajiwa. Twalisema hili kwanza, maana wako wenzetu waisifuo teksi ya kale kana kwamba haikuwa na dhambi. Ilikuwa nazo.

Kwa hiyo Uber ilipoingia mjini humo mwaka 2016, na kampuni nyingine zikafuata, abiria hakukosea kushangilia. Sasa mtu hubonyeza simu yake, akaiona nauli kabla hajapanda, akalijua jina la dereva na namba ya gari, na safari yake ikabaki katika kumbukumbu. Yule mama hana tena haja ya kubishana huku mwanawe analia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wazee; na abiria, kwa hakika, amepona.

Lakini je, dereva naye amepona?

Ndugu msomaji, madereva wengi wa teksi si wenye magari. Gari ni la tajiri, na dereva humpelekea hesabu yake, iwe mvua, liwe jua, awe amepata abiria au amekosa. Huyo ndiye bwana wa kwanza. Teksi mtandao haikumwondoa. Imemwongezea dereva bwana wa pili. Hebu tutazame safari ya shilingi 10,000. Kampuni ikichukua kamisheni ya 25 kwa mia, shilingi 2,500 zimekwisha kwenda. Katika zile 7,500 zilizosalia dereva atoe mafuta, atoe bando la simu, aweke akiba ya hesabu ya tajiri. Kitakachobaki chini ya kibaba ndicho unga wa watoto. Naye bwana huyu wa pili hanunui tairi wala hamlipi fundi, na dereva hana sauti katika nauli inayotokea simuni.

Tena liko jambo kubwa kuliko fedha, nalo ni haki ya kusikilizwa. Kijiwe kilikuwa na kiongozi wake, zamu yake na mchango wake wa msiba. Dereva akilalamikiwa aliitwa, akajieleza mbele ya wenzake, akaonywa au akafukuzwa. Dereva mmoja alitueleza jinsi alivyoamka asubuhi akakuta amefungiwa kazi simuni. Alipouliza kosa lake, alijibiwa kwa maneno yaliyotungwa tayari, yasiyo na jina la mtu. Gari lilikuwa la mkopo. Hatusemi kwamba hakukosa, hilo hatukulishuhudia. Twasema tu kwamba hata mwizi wa kuku husomewa shtaka lake.

Wako watakaosema kwamba Serikali ipo, nayo itawatetea. Ni kweli ipo, wala haikulala. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iliagiza kamisheni isizidi 15 kwa mia. Mwezi Aprili Uber ikasimamisha huduma zake nchini. Desemba mwaka ule ule Mamlaka ikaruhusu kamisheni ya hadi 25 kwa mia, na Januari 2023 Uber ikarejea. Fundisho lake ni chungu: kampuni yenye kazi katika nchi nyingi yaweza kungoja miezi; dereva mwenye deni la hesabu hawezi kungoja hata wiki. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Basi nyasi zifanye nini? Tutazame wenzetu wa London. Huko nako kampuni ilidai kwamba madereva ni watu wanaojitegemea, wala hawaidai lolote. Madereva wachache walikwenda katika baraza la kazi, wakashinda mwaka 2016. Kampuni ikakata rufani, ikashindwa ngazi kwa ngazi, hata Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba wao ni wafanyakazi, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Ikaamua tena kwamba saa ambazo dereva amewasha programu katika eneo lake, yu tayari kupokea abiria, nazo ni saa za kazi. Haki ile haikushuka kama mvua. Ilitafutwa na watu walioshikamana kwa miaka.

Lakini kwetu twaona nini? Dereva wa kijiweni humtukana dereva wa simuni kuwa amemharibia soko. Wa simuni humcheka wa kijiweni kuwa amepitwa na wakati. Wakati wote wawili wanabishana, hesabu na kamisheni zinakatwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yawapasa wakae katika chama kimoja, na chama hicho kidai mambo yaliyo wazi: kamisheni isipandishwe pasipo wao kushauriwa, na asifungiwe mtu kazi kabla hajaambiwa kosa lake na kusikilizwa.

Nasi abiria tusijione tumo kando. Nauli nafuu tuifurahiayo hutoka mfukoni mwa mtu fulani. Simu na ibaki, maana imetuondolea ubishi wa usiku. Lakini aliyeshika usukani naye awe na mahali pa kusemea neno lake.