Presha isiyotibiwa huharibu fikra na hisia kimyakimya

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, si ajabu kusikia jamaa wakilalamika kwamba mzee wao amebadilika. Huchukua muda mrefu kuhesabu chenji, hukasirishwa na mambo madogo na hujitenga na wenzake.

Wengi husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Hata hivyo, kuna chanzo kingine kinachoweza kuanza miaka mingi kabla ya dalili kuonekana, nacho ni shinikizo la juu la damu, maarufu kama presha, ambalo huharibu sehemu nyeupe ya ubongo.

Ubongo una sehemu mbili kuu. Sehemu ya kijivu ndiyo yenye seli zinazochanganua habari. Sehemu nyeupe, ambayo ni takriban nusu ya ubongo, ni nyuzi za neva zinazounganisha seli hizo. Nyuzi hizo hufunikwa na utando wa mafuta uitwao mayelini, unaozipa weupe na kuharakisha ujumbe.

Chukua mfano wa mitaa yenyewe. Nyumba za Buruburu zaweza kuwa imara, lakini Barabara ya Jogoo ikijaa mashimo, abiria watafika mjini wakiwa wamechelewa. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa huyu. Mara nyingi hasahau kila kitu, bali fikra zake huwa nzito, na kupanga shughuli au kufanya mambo mawili kwa pamoja humshinda.

Madhara hayo huanzia kwenye mishipa midogo ya damu inayolisha nyuzi hizo. Presha ikikaa juu kwa miaka mingi, kuta za mishipa huwa nene na ngumu, na damu inayopita hupungua. Katika picha za mashine ya MRI, sehemu zilizoathirika huonekana kama madoa meupe. Umri mkubwa, kisukari na uvutaji wa sigara pia huchangia.

Hisia nazo huathirika kwa sababu baadhi ya nyuzi huunganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani zinazosimamia hisia na ari. Mnamo 1997, George Alexopoulos na wenzake nchini Marekani walipendekeza kwamba sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, inayoanza uzeeni yaweza kutokana na mishipa iliyoharibika. Mgonjwa wa aina hii huenda asilie kamwe, bali akapoteza hamu ya kila kitu na kuwa mzito wa mwendo.

Hatari hii haiko mbali. Utafiti wa shirika la APHRC wa 2008 na 2009 katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, uliohusisha zaidi ya watu wazima 5,000, ulibainisha kuwa ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano wenye presha aliyejua hali yake. Presha mara nyingi haiumi, na asiyeumwa haendi hospitalini.

Si kila mwenye madoa hayo huwa na dalili, wala si kila huzuni ya mzee hutokana nayo. Kufiwa, dawa fulani na maradhi mengine pia humbadilisha mtu. Ndiyo maana uchunguzi wa daktari ni muhimu.

Habari njema ni kwamba madhara yanaweza kupunguzwa kasi. Matokeo ya utafiti wa SPRINT nchini Marekani, yaliyotolewa 2019, yalionyesha kuwa kushusha presha ya juu hadi chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza ongezeko la madoa hayo na visa vya udhaifu wa fikra. Kiwango kinachomfaa kila mgonjwa huamuliwa na daktari.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nyuzi za ubongo zikishakufa ni vigumu kuzijenga upya. Basi mzee apimwe presha kabla ya kuhukumiwa kwa tabia yake, apunguze chumvi na asiache dawa kwa kuwa tu anajihisi vizuri. Akipinda mdomo au kulegea upande mmoja ghafla, hicho huenda ni kiharusi, na apelekwe hospitalini mara moja.