UZI: Magazini ya 1990, bastola ya leo, na swali ambalo mijadala yetu huliruka

1/ Kila mjadala wa bunduki za Marekani ukitua kwenye taimlaini yetu, lazima watu wawili wavutane hivi. Wa kwanza: "Walipiga marufuku miaka 10 na hakuna kitu kilibadilika." Wa pili: "Ilikuwa inasaidia, wakaiacha ife." Wote wawili huruka jambo moja dogo ambalo ndilo linaeleza karibu kila kitu. Twende polepole.

2/ Kwanza tuelewane. Magazini hapa si jarida. Ni kile kikasha cha risasi kinachochomekwa ndani ya mpini wa bastola. Springi ya ndani inasukuma risasi juu, moja baada ya nyingine. Zikiisha, unakitoa unachomeka kingine. Kwa hiyo ukubwa wa magazini ndio unaamua mtu atafyatua mara ngapi kabla ya kusimama.

3/ Tarehe 13 Septemba 1994 Marekani iliweka sheria ya taifa zima ambayo, kati ya mengine, ilikataza magazini mpya za raia zinazobeba zaidi ya risasi 10. Sheria yenyewe ilipewa miaka 10 tu. Septemba 13, 2004 ikafika, bunge halikuiongezea muda, ikaisha.

4/ Sasa rudi usome hilo neno: MPYA. Zile ambazo tayari zilikuwa mikononi mwa watu siku hiyo ziliachwa. Kumiliki, sawa. Kuuza, sawa. Kumwachia mtoto wako, sawa. Na tunaongea kuhusu mamilioni. Isitoshe, zilizotengenezwa ng'ambo kabla ya tarehe hiyo ziliendelea kuingizwa nchini.

5/ Utasema, "Si zitazeeka tu ziishe?" Hapo ndipo watu wengi hukosea. Chaja ya simu yako ya kwanza haina kazi leo. Magazini haiko hivyo. Chukua Glock 17, bastola ambayo jeshi la Austria lilianza kuitumia 1982. Inabeba risasi 17. Kiwanda kimetoa vizazi kadhaa vyake tangu hapo, lakini umbo la magazini limebaki karibu lilelile. Ya miaka ya 80 mwishoni inaingia kwenye bastola iliyotoka dukani juzi.

6/ Kuna vighairi. Bastola mpya zina kitufe cha kutolea magazini ambacho unaweza kukihamishia upande wa pili kama unatumia mkono wa kushoto. Ukikihamisha, magazini ya zamani haishiki, maana haina tundu upande huo. Na zile za mwanzo kabisa hazikuwa na bati kamili ndani ya plastiki, kwa hivyo zikijazwa zinavimba kidogo na hazidondoki zenyewe ukibonyeza kitufe. Usumbufu, ndio. Lakini risasi zinatoka.

7/ Pia si kila ya zamani inaingia. Browning Hi-Power ilitoka 1935 na magazini ya risasi 13. Mwaka 2021 kampuni ya Springfield Armory ikatoa SA-35, na hiyo inatumia magazini zile za kale bila shida. Mwaka 2022 FN, ambao ndio walitengeneza ile ya 1935, wakatoa High Power mpya. Jina karibu lilelile, lakini magazini za zamani haziingii. Umeona? Anayeamua kama kitu cha zamani kitakufa ni mtengenezaji. Bunge halikugusa hapo.

8/ Matokeo yake: mwaka 1998 ungenunua bastola mpya kabisa dukani, inakuja na magazini ya risasi 10 kama sheria inavyotaka. Halafu unaenda kwa muuzaji mwingine unanunua ile ya 17 ya kabla ya 1994. Halali kabisa. Kilichobadilika ni bei, ilipanda.

9/ Na polisi angejuaje ni ya zamani? Mpya za polisi na jeshi zilitakiwa kuwa na alama. Kama haina alama, sheria ilichukulia ni ya zamani. Ukishtakiwa ukasema yako ni ya kabla ya 1994, serikali ndiyo ilibeba mzigo wa kuthibitisha unadanganya.

10/ Mbona basi wakaandika hivyo? Siasa, jamani. Kumwambia mtu asinunue ni rahisi. Kumwambia alete alichonunua kihalali ni vita nyingine, ya kura na ya mahakamani. Majimbo mengine yaliingia vita hiyo baadaye. New York iliondoa huo msamaha 2013. New Jersey 2018 ilipunguza kutoka 15 hadi 10 na kuwapa watu siku 180. California wapiga kura walikubali 2016 kukataza hata kumiliki, kesi zikafuata. Mwaka 2019 jaji alisimamisha marufuku, na kwa wiki moja watu walinunua kama hakuna kesho.

11/ Ubishi huu si wa wapenda bunduki tu. Januari 2011 huko Tucson, Arizona, mtu alifyatua risasi kwenye mkutano wa mwanasiasa na wananchi nje ya duka. Alikuwa na magazini ya risasi 33. Watu 6 walikufa, mmoja mtoto wa miaka 9. Alikamatwa na waliokuwepo alipokuwa akibadilisha magazini. Upande mmoja unasema: ingekuwa ya 10, wangemfikia mapema. Upande wa pili unasema: mwenye mazoezi anabadilisha kwa sekunde chache, na mimi nikivamiwa usiku sitaki kuhesabu risasi. Hoja zote mbili zina uzito.

12/ Linganisha na mifuko yetu ya plastiki. Notisi ilitoka Februari 2017, Agosti 28 marufuku ikaanza, faini hadi milioni 4 au jela hadi miaka 4. Hakuna aliyekuuliza mfuko wako uliununua lini. Wa zamani na mpya, zote nje. Ndiyo maana tuliona tofauti sokoni haraka. Lakini mfuko ni wa shilingi chache. Kitu cha bei, kinachodumu miaka 40, ni hesabu nyingine.

13/ Kwa hivyo anayesema "marufuku ya 1994 ilifeli" na anayesema "ilifaulu" wote wanapima sheria ambayo haikuwahi kugusa zilizokuwepo. Ukisikia mwanasiasa yeyote, huko au hapa, akisema "tutapiga marufuku", usipige makofi wala usizomee kwanza. Muulize: na zile zilizopo? Zitaisha lini, na nani atazihesabu?

Mwisho wa uzi. Aliye na swali aweke hapo chini, matusi peleka kwingine.