Kubwaga Moyo: Tamko la Njia ya Tabora na Fundisho la Advaita

Kitenzi "bwaga" hutaja tendo la kuangusha chini mzigo uliobebwa. Kinapopewa "moyo" kuwa yambwa yake, hutaja kuondokewa na wasiwasi. Kauli hiyo ndiyo inayotajwa kwa kawaida kuwa asili ya jina la Bagamoyo, mji wa pwani ulioungana na Tabora na Ujiji kwa njia ya misafara katika karne ya 19.

Jina hilo lina fasiri mbili. Ya kwanza ni ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliofika pwani na pembe za ndovu, wakatua mizigo na kupumzika. Ya pili ni ya mateka aliyeuacha moyo wake ufukweni, mwili ukivushwa bahari. Katika fasiri ya kwanza moyo ni mzigo. Katika ya pili, moyo ni mtu mwenyewe.

Swali hilohilo ndilo kiini cha Advaita, falsafa ya Kihindu ambayo jina lake la Kisanskriti lina maana ya "kutokuwapo uwili". Shankara, aliyeishi yapata karne ya 8, alifundisha kwamba nafsi halisi haina utengano na Uhalisi mmoja, Brahman. Mateso hutokana na kutojua: mtu huifananisha nafsi na mwili na fikra zake, kama aonaye kamba gizani akadhani ni nyoka. Taa ikiletwa, hofu hutoweka bila nyoka kuuawa. Ukombozi huo huitwa "moksha", neno litokanalo na mzizi wenye maana ya kuachilia. Sarufi ya Kiswahili yasaidia kuufahamu: abwagaye si kile kinachobwagwa. Vivyo hivyo, anayeitambua huzuni yake si huzuni hiyo.

Ramana Maharshi (1879–1950) alitoa mfano wa abiria wa treni anayeendelea kujitwika mzigo kichwani, ilhali treni inavibeba vyote viwili. Mfano huo waeleweka upesi Tabora, ambako reli ilifika mwaka 1912 na kuwapokonya wapagazi kazi yao.

Hata hivyo, fundisho hili lina mpaka wake. Mnyororo wa mateka haukuwa kamba iliyodhaniwa nyoka. Utumwa Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, si kwa tafakuri. Mzigo wa fikra hubwagwa na aubebaye. Mzigo wa dhuluma sharti uondolewe na jamii.