Steringi wa Karatasi: Kwa Nini Wasomaji wa Pwani Hawakubaliani

Anzisha mazungumzo ya katuni za zamani kwenye kijiwe chochote cha Maili Moja, Kibaha, au karibu na stendi ya Kisarawe, na watu watagawanyika mara moja. Wanaokaribia miaka sabini watamtaja Lance Spearman na kuapa kwamba hajatokea mwingine kama yeye. Vijana waliopata mikusanyiko ya Spider-Man kwenye simu watajibu kwamba wazee wanausifia ujana wao tu. Lakini mwulize kijana huyohuyo kuhusu matoleo ya mwanzo kabisa ya Spider-Man, yale ya miaka ya 1960. Atakwambia aliyaruka mengi: maneno yamejaa, mambo yanajirudia, maadui wanakuja mmoja baada ya mwingine kama waliopanga foleni.

Ubishi huu huwa unaishia kwenye kicheko, na kila mtu anaondoka na lake. Nadhani unastahili zaidi ya hapo. Maoni ya msomaji kuhusu shujaa wa picha hayaeleweki mpaka ujue alimsoma vipi, na alikuwa akimtafuta nani ndani ya kurasa zile. Tukiyajua hayo mawili, tutaona kwamba mzee na kijana wote wana haki.

Tuanze na mzee. Lance Spearman alikuwa shujaa wa African Film, jarida la kampuni ya Drum Publications ya Afrika Kusini lililosambaa Afrika Magharibi na Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakuchorwa, alipigwa picha. Jore Mkwanazi ndiye aliyeigiza, amevaa kofia ya panama na tai ya kipepeo, anaendesha gari la michezo, pembeni yake wasaidizi wake Sonia na kijana Lemmy, na Kapteni Victor wa polisi akimtegemea. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na mazungumzo yalichapwa humohumo. Spearman hakuruka angani wala hakuona kupitia ukuta. Alitegemea akili na ngumi, na kama wasemavyo wapenzi wa muvi, steringi hafi.

Sasa fikiria jarida hilo lilivyosomwa. Chukua mwanafunzi wa bweni wa miaka ile, awe Minaki kwenye vilima vya Kisarawe, shule iliyokuwapo tangu 1925, au Sekondari ya Kibaha, iliyozaliwa na mradi wa nchi za Nordic ulioanza 1963. Nakala moja ya jarida hupita mikono mingi. Humfikia ikiwa imechanika jalada, pengine na kurasa mbili hazipo. Toleo linalofuata huenda likaja, huenda lisije. Pengo hilo wasomaji hulijaza wenyewe usiku bwenini: mmoja anasema adui ametoroka, mwingine anaapa ameuawa, wa tatu anadai aliliona toleo lenyewe kwa binamu yake Dar es Salaam. Mzee anapomsifu Spearman leo, anasifu jarida pamoja na nusu ya hadithi aliyoitunga yeye na wenzake. Hakuna mkusanyiko unaoweza kumrudishia nusu hiyo.

Kijana ametoka upande mwingine kabisa. Spider-Man alitokea mara ya kwanza katika Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Baada ya hapo alipewa jarida lake, na Ditko akachora matoleo 38 ya mwanzo. Kuanzia 1987 kampuni ya Marvel ikaanza kuyachapa upya matoleo ya zamani katika vitabu vinene vya mfululizo wa Marvel Masterworks. Kile kilichomchukua msomaji wa 1963 miezi kumi kukimaliza, kijana wa Kibaha anakimaliza jioni moja, akiwa na bando la kutosha.

Hapo ndipo kasoro zinapoonekana. Kwa nini Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anaeleza tena na tena kwamba aliumwa na buibui? Kwa sababu kila toleo lilimtazamia msomaji mgeni aliyelikuta dukani kwa mara ya kwanza. Kwa nini mhusika anasema kwa maneno jambo ambalo mchoro umeshalionyesha? Kwa sababu mwezi mzima umepita na msomaji amesahau. Marudio hayo yalikuwa msaada kwa mtu wa mwezi hadi mwezi, na yamekuwa kero kwa anayesoma kwa mfululizo. Ni sawa na kula futari ya siku kumi kwa mkupuo: tatizo si mpishi. Tena vitabu hivyo kwa kawaida huziacha kurasa za barua za wasomaji, ambako watu wa wakati ule walisifu, walilalamika na kusahihishana. Kijana anapewa hadithi iliyoondolewa kijiwe chake.

Hata hivyo ziko kurasa zinazowapatanisha wasomaji wa kila aina. Katika toleo la 33, la Februari 1966, Spider-Man amebanwa chini ya mtambo mzito mara nyingi kuliko yeye. Maji yanavuja kutoka juu. Hatua chache mbele yake, mahali asipofikia mkono, iko dawa ya shangazi yake May, aliyelazwa hospitali na hali yake mbaya. Msomaji wa toleo lililotangulia anajua jambo moja la kuumiza zaidi: kinachomdhuru shangazi ni damu aliyomchangia Peter mwenyewe, yenye mionzi ile ya buibui. Ditko haharakishi. Kurasa zinapita tukimwona kijana akijaribu, akishindwa, akiwakumbuka waliomlea, na picha zinazidi kukua mpaka anapouinua mtambo katika picha inayojaza ukurasa mzima.

Mpe ukurasa huo mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la Hospitali ya Tumbi akisubiri kuitwa. Hapa kwetu ndugu huombwa wachangie damu, ndugu ndio wanaotumwa dawa, na yatima kulelewa na shangazi au mjomba ni habari ya kila mtaa. Msomaji huyo hahitaji kuijua New York. Kijana aliyeyaita matoleo ya zamani ya kuchosha akifika hapa hunyamaza, kwa kuwa amempata mtu anayemfahamu.

Hilo linatuleta kwenye swali la pili: msomaji anamtafuta nani? Kwa mzee jibu lilikuwa Mwafrika anayeheshimiwa. Mashujaa wengi wa sinema za wakati ule walikuwa Wazungu au Wahindi, na hapa ametokea mtu mweusi aliyevaa suti, ambaye polisi wenyewe wanampigia simu. Furaha hiyo ilikuwa ya kweli na hatuna haki ya kuibeza. Lakini uchambuzi wa haki unapaswa kuuliza pia kilichokosekana. Spearman alitengenezwa na kampuni ya nchi iliyokuwa chini ya makaburu, na maadui zake walikuwa majambazi na madaktari wendawazimu. Serikali ya makaburu haikuwa adui yake. Wakati huohuo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa likijadiliwa kila kona. Shujaa alikuwa Mwafrika wa sura, ila vita kubwa ya Waafrika haikuingia kwenye hadithi zake. Msomaji anayelisema hili leo hamvunjii heshima mzee wake. Anaongeza tu swali ambalo jarida lenyewe halikuthubutu kuliuliza.

Watanzania hawakuishia kuwa wateja. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo ya 1965, alitoa Film Tanzania, hadithi za picha kwa Kiswahili. Baadaye likaja Sani, ambamo Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana, aliacha michoro inayokumbukwa hadi leo. Angalia majina ya wahusika wa jarida hilo: Ndumilakuwili, Lodi Lofa. Hawa si watu wa kuokoa dunia. Ni mnafiki na mlofa, watu wa mtaani kwetu. Naona humo kuna hukumu nzito ya wasomaji wetu: kwa muda mrefu walimpenda zaidi mhusika anayewaonyesha walivyo kuliko anayewaonyesha nguvu wasizokuwa nazo. Ndiyo maana hata Spider-Man anayewagusa ni yule mwenye shida ya kodi na mgonjwa nyumbani.

Maoni ya msomaji yana uzito pale tu yanapohifadhiwa. Mwaka 1988 kampuni ya DC iliwaachia wasomaji wa Batman waamue kwa kupiga simu kama Jason Todd, msaidizi wake, afe au aishi. Kura 5,343 zilisema afe, 5,271 zilisema aishi. Tofauti ya kura 72 ikamuua. Unaweza kuuchukia uamuzi huo, lakini tunaujua kwa sababu ulihesabiwa na kuandikwa. Maoni ya wasomaji wetu kuhusu Spearman na Sani mengi yamebaki midomoni mwa wazee, na kila msiba unaondoka na mengine.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wa Kibaha na Kisarawe mambo mawili. Mwenye nakala za zamani asizitoe kufungia maandazi. Azipeleke mahali zitakapotunzwa. Maktaba ya umma ya Shirika la Elimu Kibaha ingekuwa pa kuanzia. Na kijana mwenye simu, kabla hujambishia mzee wako, mwamkie, kisha umwulize alisoma wapi, na nani, na alipokosa kurasa alizijaza na nini. Washa kinasa sauti, andika jina la jarida na mwaka. Bila kumbukumbu hizo hatutaweza kuandika historia ya katuni za Tanzania, na muda wa kuzikusanya ni huu.