Moyo Unakula Wakati Gani?

Sisi wote tunajua kama moyo unasukuma damu katika mwili muzima. Lakini moyo wenyewe ni nyama, nao unahitaji damu. Wengine wanafikiri kwamba unajilisha kwa damu ile inayopita ndani ya vyumba vyake. Sivyo. Pale mushipa mukubwa unapotoka moyoni, mishipa miwili inaanza na kuuzunguka moyo. Inagawanyika, inazidi kuwa midogo, mpaka inakuwa myembamba kuliko unywele, na kuingia katika nyama yake.

Sasa tuangalie jambo la ajabu. Moyo ukijikaza kusudi usukume damu, nyama yake inabana mishipa hiyo midogo, kama vile mukono unavyokamua kitambaa. Upande wa kushoto, wenye nguvu zaidi, damu karibu haipiti. Moyo ukilegea, mishipa inafunguka na damu inaingia. Basi moyo unalisha mwili wakati wa kazi, lakini wenyewe unakula hasa wakati wa kupumzika.

Munganga akipima tansio anaandika namba mbili, kwa mufano 120 na 80. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapojikaza. Ya pili ni nguvu inayobaki moyo unapolegea. Hiyo ya pili ndiyo inayoulisha moyo.

Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, mapumziko yake ni marefu kuliko kazi. Ukipiga mara 150, mapumziko yanapunguka sana. Kwa mutu muzima si hatari: mishipa midogo inapanuka, na damu inayopita inaweza kuongezeka hata mara nne. Lakini tansio ikipanda miaka mingi, nyama ya moyo inanenepa, kuta za mishipa midogo zinakuwa ngumu, njia inasongwa. Mugonjwa akipanda mulima anasikia kifua kinabanwa. Akikaa, maumivu yanatulia. Picha ya hospitali inaweza kuonyesha mishipa mikubwa kuwa mizima, kumbe midogo ni migonjwa. Tusiseme anajisingizia.

Hivi tunapashwa kuwaonya wagonjwa wetu. Wasiache dawa ya tansio kwa sababu wanajisikia vizuri, kwani mara nyingi tansio haiumi. Wala wasijiongezee dawa: namba ya pili ikishuka kupita kiasi, moyo wenye mishipa iliyosongwa unaweza kukosa chakula. Na maumivu ya kifua yasipotulia kwa kupumzika, tusingoje kesho: twende hospitali mara moja.